Uzi wa Nne

Majengo, Nyeri
17 Aprili 2024

Kwa mwanangu Yasin,

Assalaam alaikum warahmatullah. Natumai ulifika Marsabit salama na vumbi la huko halijakumeza. Sisi huku hatujambo, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika shuka, na paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

Samiha dada yako alipokuja kunifanyia usafi wa Idd, aliosha hata vitu visivyokuwa na uchafu. Alishusha mapazia, akasugua masufuria, akaingia na dukani akapanga kila kitu upya. Nilimwambia aniachie duka langu, akanijibu, "Shangazi, wewe kaa tu, leo unywe chai." Kwa kuwa mumewe Yarrow alikuwa ameketi hapo, sikutaka kumkaripia mbele yake. Tena ameanza ule wimbo wake, nifunge duka nihamie kwao Nanyuki. Nimemjibu kama nilivyokujibu wewe: siku mashine itakaponishinda nitakuja mwenyewe na mkeka wangu kwapani. Mpaka siku hiyo mimi ni fundi wa kutarizi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kompyuta uliyoniletea ni nzuri, nyembamba kama sinia, na usidhani sina shukrani. Lakini mashine yangu ya kutarizi haielewani nayo. Ile kebo nene ya mashine haina pa kuingia. Nimepapasa kila upande na nimekuta vitundu vya kutosha njiti ya kiberiti tu. Na programu ya marehemu baba yako, ile uliyoihamisha, nikiifungua unalia mlio mmoja halafu kimya. Nilimwita Ngatia, fundi simu wa kibanda cha pili, aje aangalie. Akasema, "Mama, inasema haiwezi fungua hiyo kitu. Ati uulize mwenye kuitengeneza."

Mwenye kuitengeneza nitampata wapi? Na Mwalimu Munene wa shule ya Endarasha ameshaagiza beji za sweta za muhula wa pili, ng'ombe wa kahawia amesimama mbele ya mlima, kama kila mwaka.

Kompyuta ya baba yako iko wapi? Ulisema unaichukua kunakili michoro tu. Nirudishie, nami hii nyembamba nitaifunika kitambaa niwaonyeshe wageni.

Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu tunapigiana kelele tu. Babu yako alisema simu ni ya kutangaza msiba na kuuliza umefika, na jambo la maana huandikwa. Barua hii itakuja na lori la Yarrow linalorudi huko kuchukua mbuzi. Ukijibu, tumia kalamu nene na herufi kubwa. Mwandiko wako ni wa daktari mwenye haraka.

Shangazi yako,
Kibibi

*

Marsabit
5 Mei 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Wa alaikum salaam. Barua ilikaa kwenye lori muda mrefu kwa sababu ya barabara zilizokatika, ikafika ikinuka mbuzi. Fardowsa mke wangu anakusalimu sana. Mtoto ameota jino la kwanza na sasa anauma kila kitu, hata kidole cha imamu aliyekuja kumwombea dua. Hapa shuleni nimekabidhiwa chumba kizima cha kompyuta, na nusu yake hazikubali kuwaka.

Nimeandika herufi kubwa kama ulivyotaka. Naona kama naandika ubaoni.

Tatizo lako nalijua, ingawa kulieleza kunanichanganya mimi mwenyewe. Programu ya baba iliandikwa kwa ajili ya Windows ya mwaka wa tisini na nane na nyingine za kabla yake. Kompyuta za siku hizo zilitafuna kazi kwa tonge dogo dogo. Kila walipotengeneza mpya waliiachia uwezo wa kula na matonge ya zamani, mpaka wakachoka kubeba mzigo huo, wakaacha. Hii yako inajua tonge kubwa tu. Programu haijaharibika na kompyuta haijaharibika. Haziwezi kula sahani moja, basi.

Unakumbuka zamani ilivyokuwa? Baba alikuwa anaiwasha kabla ya kwenda kusali, na akirudi msikitini ndiyo kwanza inamaliza kuamka, mawingu meupe kwenye anga ya bluu. Kila kifaa kipya kilikuja na diski yake ya kukitambulisha, kama mchumba anayekuja na barua ya posa. Alinunua kipanya kipya, kikakataliwa. Alinunua printa, ikakubaliwa lakini kipanya cha zamani kikasusa. Alikuwa ananipakata na kuniambia, "Usiiguse, inafikiri."

Nimekutumia flashi na adapta. Adapta ndiyo itakayopokea ile kebo nene. Ndani ya flashi nimeweka Windows yote ya tisini na nane pamoja na programu ya baba na michoro yako. Itafanya kazi ikiwa ndani ya hiyo kompyuta mpya, yaani kompyuta ya zamani itakuwa inaishi tumboni mwa mpya. Ngatia akishaiweka, wewe utabofya picha ya mlima iliyo katikati ya skrini, nayo itafunguka. Hatua zote nimeziandika kwenye karatasi ya pili, zibandike ukutani.

Kuhusu ile ya zamani, bado naishughulikia. Ina mambo yake.

Mwanao,
Yasin

*

Majengo, Nyeri
9 Juni 2024

Kwa mwanangu Yasin,

Assalaam alaikum. Huku baridi imeanza, ile ya kukaa na makaa miguuni. Pamoja na barua hii kuna mchele wa pishori kutoka Wang'uru, mpe Fardowsa, na umwambie asiuchanganye na mchele wowote mwingine, ni dhambi. Jino la mtoto lisuguliwe kwa asali kidogo.

Ngatia ameweka vitu vyako. Mwanangu, nimechanganyikiwa hata sijui nikuulize nini kwanza. Kuna kompyuta ndani ya kompyuta. Nikibonyeza, sijui nimembonyeza wa nje au wa ndani. Nikitaka kumzima wa ndani, anazimika wa nje, na wa ndani akirudi ananilaumu kwamba sikumzima vizuri. Hiyo picha ya mlima unayoisema siioni. Ngatia anasema iko, tena kubwa. Nikamwambia basi aifungue yeye asubuhi kabla hajafungua kibanda chake, na mimi nikishaingia ndani sitoki mpaka jioni. Akauliza, "Sasa Mama, huko ndani unatumia mouse aje?" Nikamwambia situmii. Kipanya hakina adabu, hukimbia.

Lakini Alhamdulillah, humo ndani nilijikuta nyumbani. Herufi ile ya kufungulia, chini mara tatu, ingiza. Vidole vilifika kabla yangu. Mashine ikaanza kugonga, ikasimama, ikaniita kwa milio yake, uzi wa kwanza, wa nne, wa tisa, nami nikiipa, kama enzi za baba yako. Nililia kidogo, usimwambie mtu.

Beji za Endarasha nimezimaliza. Mwalimu Munene alikuja mwenyewe kuzichukua. Aliishika moja akakohoa, halafu akasema, "Mama Kibibi, hii iko sawa. Iko sawa kabisa." Mbona aliirudia? Mtu akiambiwa mara moja kwamba chai ni tamu anaamini. Nimekutilia beji moja humu uone kwamba shangazi yako bado ni yuleyule.

Kompyuta ya baba yako iko wapi?

Shangazi yako,
Kibibi

*

Marsabit
1 Julai 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Wa alaikum salaam. Mchele umefika na nyumba yote ilinukia. Fardowsa amekuombea dua ndefu kuliko aliyowahi kuniombea mimi. Mtoto sasa ana meno mawili.

Beji nimeiona. Nimeigeuza, nimeipeleka dirishani, nimemwonyesha Fardowsa, akaniuliza kama ni kiboko. Kazi yenyewe ni safi, mshono umekaa, hata kwato zinahesabika. Ila, Shangazi, ng'ombe huyu ni wa bluu. Na mlima ni wa rangi ya waridi.

Je, shule imebadilisha beji? Au Mwalimu Munene ndiye aliyetaka hivyo? Nimekaa na nakala ya programu nikitafuta nilipokosea wakati wa kuihamisha, na sijaona kosa. Kwenye skrini yangu ng'ombe ni wa kahawia. Kama kosa ni langu niambie, maana sielewi kabisa.

Mwanao,
Yasin

*

Majengo, Nyeri
21 Julai 2024

Yasin,

Salaam. Hatujambo.

Kumbe kompyuta yako inageuza rangi! Nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba kitu chembamba namna hiyo hakiwezi kuwa na moyo mmoja. Sasa watoto wa Endarasha wanatembea na ng'ombe wa bluu kifuani, na mimi nimetarizi beji za shule ile tangu mwalimu wao mwenyewe akiwa mwanafunzi.

Nilimuuliza Ngatia, "Ng'ombe wale walikuwa rangi gani?" Nikasikia anahangaika na funguo zake. Kisha akasema, "Mama, si nilidhani ni style." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema alidhani naona.

Rudisha kompyuta ya baba yako. Hiyo haikuwahi kunidanganya. Na usimwambie Samiha lolote katika haya, hata akikuuliza kwa kiapo.

Kibibi

*

Marsabit
11 Agosti 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Sisi hatujambo, mtoto hajambo, upepo wa hapa umeng'oa bati moja la jikoni, mengine ni salama. Barua hii nimeianza na kuichana mara kadhaa.

Kompyuta haiwezi kugeuza rangi, Shangazi. Si hii mpya, si ile ya zamani. Mashine yako ina sindano moja, na kompyuta haijui rangi ya uzi ulio kwenye sindano hiyo. Inachojua ni namba. Inasimama, inasema nipe uzi wa nne, na mwenye mkono ndiye anayeipa. Nilikuwa na haya mbele ya macho yangu wakati wote, nami nikawa natafuta kosa kwenye programu.

Halafu nikakumbuka rafu ya baba. Alipokuwekea programu ile alizipanga nyuzi zako kwenye rafu kwa mpangilio wa namba zake, kushoto kwenda kulia, nyeusi, nyeupe, kijani, kahawia na kuendelea, akakwambia usibadilishe hata akija nani. Kahawia ndiyo ya nne. Nikampigia Samiha, nikamuuliza kama kwa mzaha tu, usafi wa Idd aligusa nini dukani. Akafurahi kuulizwa. Alisema, "Nilizipanga zile nyuzi vizuri, dark mpaka light, zinakaa smart sana." Bluu ndiyo ya nne sasa, na waridi ndiyo ya tisa, ile ya mlima. Hakuna aliyekosea. Samiha alisafisha, mimi nikaleta kompyuta mpya, na kwa wiki hiyo moja tulikuhamishia milango yote ya nyumba yako.

Lakini uzi wa bluu ulipita mkononi mwako, Shangazi, beji baada ya beji. Fundi wa rangi kama wewe. Na kalamu nene, na picha ya mlima usiyoiona, na Ngatia kukufungulia kila asubuhi. Tangu lini huoni?

Sijamwambia Samiha. Nataka unijibu wewe mwenyewe.

Nami nikujibu lile swali lako nililolikimbia. Kompyuta ya baba haina ubovu wowote na michoro nilimaliza kunakili hata kabla sijaondoka Nyeri. Iko hapa kwenye meza yangu. Jioni huiwasha, yale mawingu yanatokea, na ule mlio wake wa kuamka, na naihisi mikono ya baba kiunoni mwangu. Sikuwa na neno la kukwambia, maana wewe ulikuwa unaihitaji kwa kazi na mimi naihitaji kwa upuuzi. Inakuja na lori hili, nimeifunga kwa blanketi la mtoto. Dereva ameapa itakaa naye mbele, si nyuma na mbuzi.

Mwanao,
Yasin

*

Majengo, Nyeri
2 Septemba 2024

Kwa mwanangu Yasin,

Wa alaikum salaam. Imefika. Dereva alisema uongo, blanketi lina harufu yote ya zizi. Ngatia aliunganisha, nikasikia inavuta pumzi, inakoroma, kisha mlio wake. Nikanyoosha mkono na kila kitu kilikuwa pale nilipokiacha. Si upuuzi, Yasin. Usiite hivyo tena.

Umeniuliza tangu lini. Sijui. Haikuja siku moja. Kwanza nilidhani ni moshi wa jikoni, halafu ukungu wa huku, halafu skrini kuchoka. Mwaka juzi nilikwenda kwa daktari bila kumwambia mtu, akasema ni mtoto wa jicho. Mimi ambaye sikujaliwa mtoto, Mungu amenipa wawili, mmoja kila jicho. Kwa kompyuta ya baba yako sikuhitaji macho, na kwa rafu sikuhitaji macho. Ningewaambia, mngenifungia duka siku hiyohiyo, na mimi nisipokuwa fundi sijui ni nani. Nitaamka asubuhi nikafanye nini Nanyuki? Nihesabu ng'ombe wa Yarrow wakipita?

Ila sasa naona aibu, na hiyo haitaki macho. Bluu, mwanangu. Watoto wa watu. Mwambie Samiha atandike kitanda. Mashine imenishinda, nami nilishatoa ahadi.

Daktari alisema wanaweza kutoa kile kioo kilichochafuka ndani ya jicho na kuweka kipya. Niliogopa na bado naogopa. Wewe unayejua mambo haya, niambie. Kitu kipya namna hiyo wakikiweka kwenye kichwa cha mwaka wa hamsini na tisa, kitaelewana nacho? Au nitabaki na mlio mmoja na kimya?

Shangazi yako,
Kibibi

*

Marsabit
14 Septemba 2024

Shangazi,

Sijui. Ningekwambia najua ningekudanganya, na tumedanganyana ya kutosha mwaka huu. Nimemuuliza daktari wa hapa, akasema kichwa chako ndicho chenye programu yote na kioo ni dirisha tu. Amesema wazee wanatoka wakilalamika kwamba nyumba zao ni chafu.

Samiha nimemwambia. Alilia, halafu akauliza kwa nini ulimwacha apange nyuzi. Hakuna kitanda kitakachotandikwa kabla ya jicho kutazamwa. Yeye ndiye atakayekupeleka, nami nitakuwa kwenye simu, hata kama babu asingependa.

Mwanao,
Yasin

*

Majengo, Nyeri
3 Novemba 2024

Kwa mwanangu Yasin,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai hamjambo nyote. Naambiwa mtoto ameanza kusimama, na safari hii nikiletewa picha nitaiona.

Jicho la kulia limefanyiwa kazi. Kitambaa kilipotolewa nilimwona Samiha, nikamuuliza ni nani huyu mama mnene. Alicheka na kulia pamoja. Daktari wako ni mkweli, nyumba yangu ni chafu. Utando wa buibui unaning'inia kila pembe, na huyu binti aliapa kwamba amesafisha. Kompyuta ya baba yako, ambayo mimi naijua ni nyeupe, imekuwa njano kama jino la mzee, na ina ufa. Mawingu yake nimeyaona. Na ile picha ya mlima kwenye hii nyembamba iko katikati kabisa, kubwa, hata mbuzi angeiona. Siku ya kwanza sikuweza kabisa. Najua njia zote gizani, lakini kwenye mwanga napotea, vidole vinasema huku, jicho linasema kule. Nikafumba macho nikamaliza kazi. Sasa nafumbua kidogo kidogo.

Nyuzi nazo nilizitoa zote nikaziweka kitandani, nikazitazama siku nzima nisifanye kingine. Sikujua kama nilikuwa nimezikosa hivyo.

Halafu nilikwenda Endarasha. Nilibeba uzi wa kahawia na mkasi, nimwombe Mwalimu Munene radhi, nibandue beji zote nizitarizi upya bila malipo, kisha nifunge duka nikiwa nimesafisha jina langu. Nilifika wakati wa mapumziko. Yasin, niliwaona. Uwanja mzima, sweta za kijivu, na kila kifua kina ng'ombe wa bluu mbele ya mlima wa waridi, wanakimbia, wanapigana, wanakula mahindi. Nilisimama langoni. Ni jambo moja kuambiwa na jingine kuliona.

Munene alinikuta hapo. Nikamwambia nimekuja kwa sababu gani. Akatazama jicho langu kwanza, akafurahi, halafu akasema, "Mama, tulijua siku ile ile. Mimi nilijua, wazazi walijua. Tulisema tukikwambia si sawa, utafunga, na nani mwingine atatushonea? Halafu watoto wakaipenda. Shule zote huku ziko na ng'ombe, lakini kwa mashindano ya mpira wetu wanajulikana kutoka mbali. Ata ukibandua watarudisha." Nikamwambia haiwezekani, ng'ombe wa bluu hayupo duniani. Akasema, "Hapa yuko. Na za Januari zikuwe hivyo hivyo, tafadhali."

Kwa hiyo mwambie dada yako kitanda akilalie yeye. Nina kazi ya Januari.

Kompyuta ya baba yako inarudi kwako na lori hili, na nimefua blanketi. Wewe unaihitaji kuliko mimi. Michoro yote imo humu kwenye hii nyembamba, wa nje na wa ndani nimeshawajua sauti zao, na nikikwama nitakuandikia. Usione haya kuiwasha jioni. Mpakate mtoto, umwambie asiiguse, inafikiri.

Samiha alikuja juzi kunisaidia kuipanga upya rafu, mimi nikisoma na yeye akiweka, kushoto kwenda kulia. Kila uzi umerudi pale baba yako alipouweka, isipokuwa wa tisa, palipobaki waridi ya mlima, na wa nne. Alipoinua kahawia nilimwambia aiweke kando. Pale tumeacha bluu.

Shangazi yako,
Kibibi